Stata inazunguka, gari haliwaki: Corolla ya mzee iliyolala miezi 14

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu, naishi Njombe. Baba yetu alifariki mwaka jana, akaacha Toyota Corolla AE100 ya mwaka 1994, gia za mkono, injini 5A-FE. Gari limekaa uani miezi 14 bila kuwashwa. Mwezi huu nimenunua betri mpya. Stata inazunguka vizuri kabisa lakini gari haliwaki. Vijana wa mtaani wamelisukuma mpaka wakachoka. Fundi mmoja akamimina petroli kidogo kwenye bomba la hewa, gari likashtuka, likanguruma kama sekunde mbili, likazima. Akarudia, ikawa vilevile. Sasa anasema kontrol boksi, yaani kompyuta ya injini, imekufa, ninunue nyingine ya mtumba kwa shilingi 350,000. Mama kachoka, anasema tuliuze kwa watu wa chuma chakavu. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Poleni sana kwa kuondokewa na mzee. Nianze na la haraka: hizo 350,000 usizitoe, na mama mwambie asubiri kidogo. Katika maelezo yako kuna jambo moja linalonitosha kusema kwamba kontrol boksi siyo ya kwanza kushukiwa. Nitakueleza kwa nini, ili na wewe uweze kumweleza fundi wako bila kugombana naye.

Jambo lenyewe ni ile petroli iliyomiminwa kwenye bomba la hewa. Injini ya petroli ili iwake inataka petroli iliyochanganyika na hewa, inataka kompresheni, yaani mgandamizo, ndani ya silinda, inataka cheche ya plagi, na inataka vyote hivyo vikutane kwa wakati wake. Likikosekana moja, stata itazunguka mpaka betri ife na gari halitawaka. Sasa fundi alipomimina petroli kwa mkono, alifanya kazi ambayo kwa kawaida hufanywa na pampu na nozeli zinazonyunyiza petroli. Gari likanguruma sekunde mbili. Basi cheche ipo, la sivyo ile petroli ingelowesha plagi tu. Kompresheni ipo. Taimingi belti haijakatika, maana ndiyo inayozungusha kamshafti, mhimili unaofungua valvu; ikikatika kamshafti inasimama, valvu hazifunguki, na hata ungemimina lita nzima gari lisingeshtuka. Ilipokwisha petroli ya mkono, gari likazima. Linaomba petroli, mwanangu. Halijaomba kitu kingine.

Na kontrol boksi je? Kwenye injini hii cheche haijitokei yenyewe. Ndani ya distribyuta, kile kifaa kinachogawa cheche kwa plagi, kuna sensa inayoiarifu kontrol boksi kwamba injini inazunguka na imefika wapi. Kontrol boksi ikipata habari hiyo ndiyo inayoiamuru ignaita ikate umeme wa koili, na hapo ndipo cheche inaporuka kwenye plagi. Boksi iliyokufa haitoi amri, kwa hiyo haitoi cheche. Gari lako limetoa cheche mara mbili mbele ya macho ya fundi wako. Boksi inaweza ikawa na ugonjwa upande wa nozeli peke yake, hilo lipo, lakini ni la nadra mno, na hufikiwa baada ya kupima vitu vingine vyote ambavyo ni rahisi na vya bei ndogo. Tena boksi za mtumba hazifanani: namba iliyoandikwa juu yake inatakiwa ioane na injini na aina ya gia. Ukinunua ya gari la otomatiki ukafunga kwenye la gia za mkono, utaanza kutafuta ugonjwa wa pili kabla hujaumaliza wa kwanza.

Ila nakusihi, huo mtindo wa kumimina petroli usirudiwe. Umeshatupa habari tuliyoitaka. Moto ukirudi nyuma kupitia valvu ya kuingizia hewa, unatoka kwenye bomba palepale fundi alipoinamisha uso. Nimeshaona mtu ameungua nyusi na mkono kwa kijiko kimoja tu cha petroli.

Kusukuma nako kuacheni. Kusukuma ni dawa ya gari ambalo stata yake mbovu au betri imeisha. Kwako stata inazunguka vizuri, kwa hiyo vijana walikuwa wanafanya kazi ambayo stata ilikuwa inaifanya tayari. Na unapopiga stata, isizidi sekunde 10 kwa mara moja, kisha ipumzike dakika moja. Stata inachukua umeme mwingi kuliko kitu kingine chochote kwenye gari, na ikichoshwa inaungua.

Sasa tuanze kazi. Kabla ya kufungua boneti, kaa kwenye usukani, washa switchi bila kupiga stata, na uangalie taa ya cheki injini kwenye dashibodi, ile yenye picha ya injini. Inatakiwa iwake. Ikiwaka, umeme unafika kwenye kontrol boksi. Isipowaka, usiseme boksi imekufa. Tafuta fyuzi iliyoandikwa EFI (ndio mfumo wa kunyunyiza petroli) kwenye boksi la fyuzi chini ya boneti, ichomoe uitazame kwenye mwanga, kisha rilei kuu ya EFI, yaani switchi inayoendeshwa kwa umeme, kisha balbu yenyewe ya taa. Mafundi wengi hawaiangalii taa hii, na ndiyo inayojibu swali la boksi bila kufungua hata skrubu moja. Kwa kuwa gari lako limetoa cheche, naamini utaikuta inawaka, lakini itazame kwa macho yako.

Kisha petroli yenyewe. Miezi 14 ni mingi. Petroli ni mchanganyiko wa vitu vyepesi na vizito, na vile vyepesi ndivyo vinavyowasha injini ya baridi. Hivyo ndivyo vinavyotangulia kuruka hewani tenki likikaa. Kinachobaki kinazidi kuwa kizito na kuacha utandu kama gundi ndani ya pampu na nozeli. Na huko kwenu Njombe, usiku baridi na mchana jua, tenki lisilojaa huvuta unyevu, unyevu unageuka maji, maji yanakaa chini kabisa, palepale pampu inapovutia.

Pima hivi. Toa petroli kidogo kutoka kwenye tenki kwa pampu ya mkono au mpira wenye balbu ya kuminya, uiweke kwenye chupa safi ya kioo. Usinyonye kwa mdomo. Najua kila mtu anafanya, lakini petroli ikiteleza ikaingia mapafuni, hata funda dogo, ni hospitali, na wengine hawatoki. Chupa iweke mezani dakika kumi, mbali na jiko, halafu itazame mkabala na mwanga. Petroli nzuri inang'aa na inapenya mwanga. Iliyozeeka inakuwa na rangi ya chai na harufu yake inabadilika, inakaribia harufu ya vanishi ya seremala. Kama kuna maji utayaona chini, yamejitenga kwa mstari kabisa. Ukikuta lolote kati ya hayo, tenki lote litolewe, uweke lita 10 mpya. Kuongeza petroli mpya juu ya mbovu ni kuiharibu na hiyo mpya. Tena hata ikionekana nzuri, mimi kwa miezi 14 ningeitoa tu.

Tukitoka hapo tunafika kwenye pampu, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo ninapoamini ugonjwa ulipo.

Pampu ya gari lako imo ndani ya tenki. Watu wanapenda kuwasha switchi, kutega sikio kwenye mdomo wa tenki, wasiposikia kitu wanasema pampu imekufa. Kwa Toyota nyingi za miaka hiyo kipimo hicho kinadanganya. Pampu yake haifanyi kazi kwa kuwasha switchi tu. Inafanya kazi stata inapozunguka, na inaendelea injini ikiwaka. Waliipanga hivyo ili gari likipata ajali injini ikazima, pampu isiendelee kumwaga petroli kwenye moto. Kwa hiyo ukimya wa pampu wakati switchi imewashwa tu si ushahidi wa kitu.

Kuna njia ya kuilazimisha. Fungua boneti utafute kisanduku cheusi kidogo chenye maandishi DIAGNOSIS. Inua kifuniko chake, kigeuze: upande wa ndani kuna ramani ya vishimo na herufi za kila kimoja. Utafute kilichoandikwa FP na kilichoandikwa +B. Chukua kipande kifupi cha waya, menya ncha zote mbili, unganisha FP na +B, kisha mtu mwingine awashe switchi bila kupiga stata. Soma herufi mara mbili kabla ya kuchomeka. Ukiunganisha +B na E1, ambacho ni kishimo cha athi (njia ya umeme kurudi kwenye betri), umepiga shoti. Pampu ikiwa nzima utasikia mlio mwembamba, vuuuu, kutoka nyuma. Wakati huohuo shika mpira wa mafuta unaotoka kwenye filta na uuminye kwa vidole. Unatakiwa uwe mgumu, unakataa kuminyika, na utasikia mchirizo wa petroli inayorudi kwenye tenki. Mpira ukiwa laini kama ulivyokuwa, petroli haifiki.

Hapo barabara inagawanyika. Pampu ikilia kwa waya huu lakini, waya ukitolewa, isilie stata inapozunguka, basi pampu ni nzima na tatizo ni rilei yake au amri inayoifikia rilei. Rilei hiyo iko ndani, chini ya dashibodi, si ile ya EFI ya kwenye boneti. Usikubali kuuziwa ya boneti ukaambiwa ndiyo hiyo. Isipolia kabisa, twende nyuma.

Kiti cha nyuma cha Corolla hii kinang'oka, kile cha kukalia. Chini yake, baada ya kuinua kapeti, utaona kifuniko kilichofungwa kwa skrubu, na chini ya kifuniko ndiyo kichwa cha pampu pamoja na soketi yake ya umeme. Kabla hujaendelea fungua milango yote na hakikisha hakuna anayevuta sigara wala jiko la mkaa linalowaka karibu. Ndoo ya mchanga mkavu iwe pembeni. Chomoa soketi, na kwa testa au mita upime kama umeme unafika hapo wakati ule waya wa FP na +B umechomekwa na switchi imewashwa. Umeme ukifika na pampu hailii, kwanza hakikisha na athi yake nzima; ikiwa nzima, pampu ndiyo mgonjwa. Imekaa kwenye petroli iliyozeeka ikashikana. Kabla ya kununua nyingine, rudisha soketi, kisha gonga chini ya tenki kwa mpini wa mbao wa nyundo, si kwa kichwa cha chuma, mara tatu nne huku waya wa FP na +B umechomekwa na switchi imewashwa. Nimezifufua nyingi kwa njia hiyo. Zikifufuka namna hiyo huwa hazikai, kwa hiyo mwenye gari aanze kutafuta pesa ya pampu, lakini walau atakuwa amejua kwa hakika anachonunua.

Umeme usipofika kwenye soketi, pampu haina kosa. Kati ya boneti na kiti cha nyuma kuna mahali waya umekatika, na kwa gari lililolala uani miezi 14 namshuku panya kwanza. Panya hupenda chini ya kiti cha nyuma, pana joto na sponji ya kutengenezea kiota. Tafuta mavi yake, tafuta maganda ya mahindi, fuata waya kwa vidole huku unaukunja kidogo. Waya ulioliwa unaonyesha shaba yake, au unakuwa laini mahali pamoja. Waya uliokatika unaungwa kwa kusokotwa vizuri, kulehemiwa kwa risasi na kufungwa kwa utepe. Wala hauhitaji boksi ya 350,000.

Halafu kuna jambo la pili, na hili naomba ulisome pamoja na mama.

Miaka ya nyuma aliletwa kwangu mama mmoja na gari la marehemu mumewe, Corolla kama hii yako. Ugonjwa ulikuwa uleule: stata inazunguka, gari haliwaki. Lilikuwa limeshapita gereji mbili na kubadilishwa pampu. Nililihangaikia siku mbili. Umeme ulikuwa unatoka mbele, nyuma haufiki, waya mzima, panya hakuna. Jioni ya siku ya pili nikaacha kupima nikamwuliza yule mama: mzee alipokuwa akiingia kwenye gari, kabla hajashika ufunguo, alikuwa akifanya nini? Akafikiri, akasema, "Alikuwa akiinama kama anafunga kamba ya kiatu." Nikalala chali chini ya usukani na tochi. Pembeni mwa pedali ya klachi, nyuma ya kapeti, palikuwa na switchi ndogo nyeusi, kubwa kama punje ya harage. Niliibonyeza, nikapiga stata, gari likawaka mara moja. Yule mama alikaa kwenye kiti cha abiria akalia, na mimi sikuwa na la kusema.

Wazee wengi wenye magari haya walifungiwa switchi ya siri kuzuia wezi, maana gari la mwaka 1994 halina ufunguo wa kompyuta kama magari ya sasa. Anayefunga hukata waya wa pampu au wa switchi ya ufunguo, akapitisha kwenye kitufe kilichofichwa, na mwenye gari hamwambii mtu, hata mkewe. Ukikata wa pampu, mwizi anawasha gari kwa petroli iliyobaki kwenye mipira, anatembea kidogo, linamzimia njiani. Basi muulize mama vilevile: mzee akikaa kwenye usukani, mkono wake ulitangulia kwenda wapi? Alikuwa anafungua kisanduku cha kuwekea miwani? Anapeleka mkono chini ya kiti? Au alikuwa anawasha kitu ambacho hakina kazi, kama kitufe cha taa za ukungu wakati gari halina taa za ukungu? Pita chini ya dashibodi kwa tochi, chini ya kapeti ya dereva, nyuma ya kisanduku cha majivu, pembeni mwa kiti. Tafuta waya ambao rangi yake au utepe wake haufanani na wa kiwandani. Utepe wa kiwandani umefungwa kwa unadhifu. Wa fundi wa mtaani utaujua.

Na kama mzee alifunga alamu ya dukani, boksi lake dogo nalo linakata pampu au umeme wa cheche, na rimoti yake ikiisha betri inabaki imekata. Tafuta rimoti kwenye mabegi na makoti yake, ubadilishe betri. Rimoti ikikosekana, fundi umeme wa magari anaweza kuliondoa boksi na kuunganisha waya kama ulivyotoka kiwandani. Hiyo ni kazi ya saa moja au mbili.

Ikiwa pampu inalia, mpira mgumu, petroli mpya na gari bado linagoma, ndipo tunakwenda kwenye filta na nozeli. Filta badilisha tu, usiisafishe. Ni kitu cha bei ndogo na ya gari lililolala huwa imejaa kutu ya tenki. Unapoifunga mpya weka pia washa mpya, zile pete za kuzibia, kwenye bolti zake; za zamani zikirudishwa zinavuja, na petroli inayovuja juu ya injini ya moto si jambo la kuchukulia kirahisi. Nozeli zinagandishwa na ule utandu niliokutajia. Weka ncha ya bisibisi ndefu juu ya nozeli moja, mpini kwenye sikio, mtu apige stata: inatakiwa isikike tik tik tik. Zote nne zikiwa kimya, fundi apime kama amri ya kontrol boksi inazifikia kwa taa ndogo ya kupimia nozeli, na hapo sasa, kama cheche ipo, umeme wa nozeli upo na amri haipo, ndipo mtu anaruhusiwa kuitaja boksi. Zikisikika lakini plagi zinatoka kavu, zimeziba. Zipelekwe kusafishwa kwa mashine.

Plagi zenyewe chomoa moja uitazame mara tu baada ya kupiga stata. Kavu kabisa, petroli haifiki. Imelowa na inanuka petroli, petroli inafika na shida ni cheche, au umelizamisha kwa petroli kwa kupiga stata mno. Iliyolowa ifute, iache ikauke, chomoa fyuzi ya EFI, piga stata sekunde chache plagi zote zikiwa nje ili silinda zijipulize, rudisha vyote ujaribu tena.

Na kwa kuwa umenipa nafasi, tumia kile kisanduku cha DIAGNOSIS kwa kazi yake ya pili. Piga stata kwanza sekunde tano, rudisha ufunguo usimame kwenye kuwasha switchi bila kuzima kabisa. Kisha unganisha TE1 na E1 kwa kipande chako cha waya na uitazame taa ya cheki injini. Ikimetameta mfululizo kwa mwendo mmoja, mara mbili kila sekunde, kontrol boksi haina lalamiko ililoandika. Ikimetameta mara moja, ikatulia, ikametameta mara mbili, hiyo ni namba 12: haipati habari ya mzunguko kutoka kwenye distribyuta. Mara moja kisha mara nne ni 14: haipati jibu la ignaita. Kwako sitarajii hizo mbili. Lakini uiangalie pamoja na fundi wako, naye aione. Boksi inayoweza kuhesabu na kukuandikia namba haijafa.

Kwa wasomaji wengine ambao gari linapiga tak moja tu na stata haizunguki, ya kwenu ni safari nyingine, na ni fupi. Pima betri kwa mita: volti 12.6 imejaa, volti 12 imekwisha. Safisha vichwa vya betri kwa msasa, hasa ule unga mweupe. Fuata waya wa athi mpaka kwenye injini, mahali ulipofungwa pasiwe na kutu wala rangi. Betri ikiwa nzuri na bado ni tak, kwenye stata hizi za Toyota kuna vipande viwili vya shaba ndani ya solenoidi, ile switchi kubwa ya stata, vinavyolika, na vinauzwa peke yake kwa bei ndogo sana. Msikubali kubadilishiwa stata nzima kabla kofia ya solenoidi haijafunguliwa.

Turudi kwako, mwalimu. Likiwaka, litatoa moshi na kutetemeka dakika za kwanza, liache lingurume taratibu, usilikanyagie mafuta. Tazama taa ya oili: ikibaki inawaka zaidi ya sekunde chache, zima. Siku hiyohiyo mwaga oili ya zamani na ubadilishe filta yake, na angalia maji ya rejeta. Angalia pia ni lini taimingi belti ilibadilishwa mara ya mwisho. Toyota waliipangia kilomita 100,000, na mpira huchakaa kwa miaka hata gari likilala. Kama hakuna kumbukumbu, ibadilishwe kabla ya safari ndefu. Kama mzee aliandika kwenye karatasi na kuibandika ndani ya boneti au kuiweka kwenye kisanduku cha makaratasi, utaikuta. Wengi wa rika lake waliandika.

Usilipeleke Makambako siku hiyo. Breki zilizolala miezi 14 hushikana: diski zinaota kutu, pistoni za kaliperi zinagoma kurudi, na hendibreki iliyoachwa imevutwa inaganda kwenye ngoma zake. Kabla ya kutoka getini kanyaga pedali uishikilie nusu dakika uone kama inazama. Angalia mipira ya breki kama imepasuka, na tairi kama zina nyufa pembeni. Mwendo wa kwanza uwe wa mtaa mmoja, polepole, bila abiria. Ukirudi zunguka gari uguse rimu zote nne kwa mgongo wa mkono. Iliyo moto kuliko wenzake, breki yake imeshika, na ifunguliwe kabla hujatoka tena.